Mama ametoka hospitali, lakini chakula kinamshinda

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote wa safu hii. Naandika kutoka Kihonda, Morogoro, kuhusu mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 76, ambaye miezi miwili iliyopita aliteleza bafuni akavunjika nyonga ya mguu wa kulia. Alifanyiwa upasuaji, akakaa wodini kwa zaidi ya majuma mawili, kisha tukaruhusiwa kurudi naye nyumbani. Kidonda kimefunga vizuri, nyuzi zimetolewa, na daktari wa mifupa aliridhika alipoitazama picha ya eksirei. Tatizo lililobaki ni chakula.

Kabla ya kuanguka mama alikuwa na kilo 58. Nina uhakika na hilo kwa sababu hupimwa kila anapokwenda kliniki ya shinikizo la damu. Juma lililopita mizani ya zahanati ya jirani ilionyesha kilo 51. Magauni yanamning'inia, pete yake ya ndoa imebidi ihamie kidole cha kati, na anapotaka kuinuka kitandani mikono yangu ndiyo inayofanya kazi, si miguu yake.

Kwa siku anakula hivi: asubuhi kikombe cha uji wa dona wenye sukari, saa nne chai ya rangi na kipande cha mkate, mchana vijiko vichache vya wali au ugali laini wenye mchuzi na mboga za majani, jioni bakuli la supu ya makongoro anayoileta kaka yangu, pamoja na ndizi moja. Ana meno ya bandia ya taya la juu ambayo siku hizi yanacheza. Akipewa nyama, huitafuna muda mrefu upande mmoja wa kinywa, kisha huitema kwenye leso na kuificha chini ya mto, na mimi huikuta ninapotandika. Dagaa, ambao alikuwa akiwapenda mno, sasa hataki hata kuwaona. Nikimsihi ananijibu, "Nimeshiba, mwanangu. Mtu mzima hali kama mtoto."

Ndani ya nyumba hatuelewani. Mama mkubwa, dada yake mama, anasema mayai na nyama nyekundu ni sumu kwa mwenye presha, na ameagiza chakula cha mgonjwa kisitiwe chumvi hata chembe. Kaka anaamini kwamba makongoro ndiyo yatakayounga mfupa, kwa hiyo anataka yapikwe kutwa mara tatu. Mdogo wetu anayefanya kazi Muscat ametuma fedha za kununua kopo la unga wa virutubisho linalouzwa duka la dawa, ambalo bei yake ingelisha nyumba yetu kwa juma zima. Mama mwenyewe anasema nguvu zikirudi kidogo tu ataendelea na funga zake za Jumatatu na Alhamisi, kama alivyozoea tangu ujana wake.

Karatasi tuliyopewa wakati wa kuruhusiwa ina orodha ya dawa na tarehe ya kliniki. Kuhusu chakula imeandikwa "apate mlo kamili", basi. Nilipomuuliza muuguzi mlo huo ni upi, alinijibu nimpe matunda na mboga kwa wingi. Dawa anazotumia ni mbili za presha, za kuongeza damu, kalsiamu, na tramadol kwa ajili ya maumivu. Hana kisukari. Mimi ni fundi cherehani na kipato changu ni cha kubangaiza. Naomba unieleze nimpe nini, kwa kiasi gani, na katika hawa wote nimsikilize nani.

Binti anayeuguza, Kihonda, Morogoro


JIBU

Dada yangu, pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mama yetu shikamoo yangu.

Nianze na mizani. Kushuka kutoka kilo 58 hadi kilo 51 ni kupoteza asilimia 12 ya uzito. Katika vipimo vinavyotumika hospitalini, mtu aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ndani ya miezi mitatu hadi sita bila kukusudia huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya utapiamlo, hata kama ukimtazama kwa macho bado haonekani mkondefu. Hali hiyo tumezoea kuitafuta kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu mwaka 1973, na kila mzazi aliyepita kliniki ya watoto anaijua kadi yenye mistari ya ukuaji. Mzee anayetoka wodini, kwa upande wake, hapewi kadi ya namna hiyo, na uzito wake unaweza kuporomoka bila mtu yeyote kuuandika popote. Wewe umeuandika, na kwa hilo umekwisha kufanya sehemu muhimu ya uchunguzi.

Kilichoondoka katika kilo hizo 7 si mafuta peke yake. Sehemu yake kubwa ni msuli, na ndiyo maana mikono yako inafanya kazi ya miguu ya mama. Uchunguzi mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema, wasio na ugonjwa wala kidonda, na ingawa walilishwa kiwango cha protini kinachopendekezwa kwa watu wazima wa kawaida, miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya msuli. Mama yetu amelala muda mrefu zaidi ya huo, akiwa amevunjika, amepasuliwa na kupoteza damu, na tena chakula kikiwa hakipiti. Mfupa umeungwa na daktari. Kazi iliyobaki nyumbani ni kuurudisha msuli utakaoubeba mfupa huo, na msuli haurudi kwa uji na supu.

Kiasi anachohitaji kinajulikana. Mapendekezo ya wataalamu wa kimataifa yaliyotolewa mwaka 2013 yanasema mzee mwenye afya ale gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na aliyetoka katika ugonjwa au majeraha afike gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 51 hiyo ni gramu 60 hadi 75. Nguvu kwa ujumla hukadiriwa kilokalori 30 kwa kila kilo, yaani karibu 1,500 kwa siku. Nimeipitia siku ya mama kama ulivyoieleza, kikombe kwa kikombe, na sidhani kama inafika gramu 25 za protini. Anaposema ameshiba hadanganyi: tumbo limejaa maji ya uji, maji ya chai na maji ya supu, wakati msuli haujapata kitu.

Kuna sharti moja kabla hujaongeza chochote. Mtu aliyeishi na presha kwa miaka mingi anaweza kuwa na figo zilizochoka, na mwenye figo zilizochoka sana hupangiwa protini na daktari wake. Kabla ya upasuaji wa aina hii damu hupimwa, kwa hiyo tafuta majibu ya kipimo cha figo katika makaratasi yenu. Kama hayapo, nenda kaulizie. Pia usimrundikie chakula siku moja. Mwili uliokaa na njaa unapojazwa ghafla, madini katika damu huvurugika, na hatari hiyo ni kubwa kwa mtu ambaye kwa siku tano au zaidi hajala karibu kitu chochote. Mama hajafika huko, lakini ongeza taratibu, kidogo kila siku, mpaka mwisho wa juma la pili.

Sasa niende kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita, ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako: nyama iliyofichwa chini ya mto. Mtu anayetafuna upande mmoja, akatema, na akaacha dagaa aliokuwa akiwapenda, ana maumivu kinywani mpaka ithibitike vinginevyo, na watu wazima wa rika la mama huona haya kulalamikia kinywa. Leo usiku mwombe atoe meno, washa tochi ya simu, utazame ufizi, ulimi na paa la kinywa. Ukikuta utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu, au paa lililowiva chini ya mahali meno yanapokaa, hiyo huenda ikawa fangasi, ambayo huwapata sana wenye meno ya bandia na waliotumia antibiotiki. Dawa yake ipo na si ghali, ila iandikwe na daktari au tabibu wa zahanati. Ukikuta kidonda, meno hayo yanasugua. Mtu anapokonda, ufizi nao hupungua, na meno yaliyomkaa vizuri mwaka jana hucheza mwaka huu. Fundi wa meno anaweza kuyawekea tabaka jipya bila kutengeneza mengine. Mpaka hapo, ayavue usiku, yasuguliwe kwa mswaki na kulazwa majini, na chakula chake kiwe laini.

Laini simaanishi chepesi. Nyama isagwe buchani, ichemshwe kwa mchuzi mzito wa nyanya na kitunguu mpaka ikatike kwa kijiko. Samaki atolewe miiba na mikono yako mwenyewe, achambuliwe mezani mbele yake ili awe na amani. Dagaa waliokaushwa vizuri, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, waondolewe vichwa, wakaangwe kidogo bila mafuta, watwangwe kwenye kinu na kuchekechwa. Vijiko viwili vya chakula vya unga huo vikikorogwa ndani ya mchuzi wa mchicha wenye nazi vinaongeza takribani gramu 10 za protini, na mtu asiyetaka kumwona dagaa anakula bila kinyongo. Usiutie kwenye uji wake. Nimeona familia nyingi zikifanya hivyo, na matokeo yake mgonjwa anauchukia hata uji wenyewe.

Ukiniuliza siku nzima ningeipangaje, ningeweka uzito mkubwa asubuhi, kwa sababu wazee wengi hamu yao ya kula huwa bora mapema na hufifia kadiri jua linavyoshuka. Uji wa dona ubaki, lakini nusu ya maji yake iwe maziwa, na ukiiva ukorogewe vijiko viwili vya siagi ya karanga; pamoja na yai moja la kuchemsha, mlo huo mmoja unakaribia gramu 20. Saa nne, badala ya chai ya rangi, apate kikombe cha mtindi. Mchana kiwe kipande cha samaki kama ukubwa wa kiganja chake, pamoja na wali laini kidogo na hiyo mboga ya nazi. Samaki aliwe kwanza na wali ufuate, ili shibe ikimkuta iwe imekuta kilicho muhimu kimekwisha kuingia. Alasiri nusu ya parachichi, ambalo huko kwenu, Uluguru ikiwa jirani, halina bei. Jioni viazi au ndizi zilizopondwa pamoja na maharage yaliyochujwa maganda, na nyama ya kusaga vijiko vitatu au yai jingine. Kabla ya kulala, kikombe cha maziwa ya moto. Kila tukio hapo ni dogo, sahani ya kahawa si sinia, lakini ukijumlisha unapita gramu 60 na wakati mwingine unagusa 75. Maji na vinywaji vingine anywe baada ya kula au katikati ya milo, wala si kabla, na kwa siku visipungue lita moja na nusu, maziwa na uji vikihesabiwa humo, ila kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo.

Maziwa yanayopitishwa mitaani yachemshwe hata kama muuzaji mnamjua miaka yote, kwa kuwa homa ya maziwa yasiyochemshwa, ile inayoitwa bruselosi, ni jambo ambalo mwili wa mama hauwezi kulibeba sasa. Na kama mtu atakushauri unga wa lishe wenye nafaka saba, mshukuru na umpite. Mahindi, mchele, ngano, mtama na ulezi vikisagwa pamoja vinabaki nafaka, na nafaka ndizo mama anazozila tayari kwa wingi. Mbaya zaidi ni karanga mbichi zilizosagwa na nafaka hizo na kukaa kwenye ndoo kwa miezi, maana karanga na mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu unaotoa sumu, yaani sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zichambuliwe moja moja, zenye ukungu na zilizosinyaa zitupwe, zikaangwe na zisagwe kidogo kidogo.

Ushauri wa muuguzi kuhusu matunda na mboga kwa wingi ni mzuri kwa wengi wetu tulio na matumbo na presha. Kwa mtu anayeshiba baada ya vijiko sita, sahani ya tikiti na kabichi inachukua nafasi ya chakula atakachokihitaji ili asimame. Kipande cha papai baada ya mlo kinatosha, tena kitamsaidia choo. Hukuniambia kama anapata choo, nami ningependa kujua, kwa sababu tramadol hufunga tumbo, vidonge vya kuongeza damu hulifunga zaidi, na mtu asiyepata choo kwa siku nne hawezi kuwa na hamu ya kula hata umpikie pilau ya sikukuu. Kama ndivyo hali ilivyo, mweleze daktari ampe dawa ya kulainisha. Muulizeni pia kama maumivu sasa yanaweza kutulizwa na parasetamoli, na hiyo imezwe nusu saa kabla ya mlo ili akae kitini bila kuumia. Vidonge vya kuongeza damu visimezwe pamoja na kalsiamu, maziwa wala chai, kwa sababu huzuia madini chuma yasifyonzwe. Vimezwe kwa maji au maji ya chungwa, mbali na hivyo vingine.

Mama mkubwa ana haki ya kuihofia presha, na kwa umri wake asibishiwe mbele za watu. Hata hivyo yai moja au mawili kwa siku hayapandishi presha, wala nyama laini ya kiasi nilichokitaja. Kinachopandisha ni chumvi, na hapo yuko sahihi kwa nusu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na katika kiasi hicho imo chumvi ya mkate na ya supu. Lakini chakula kisicho na chumvi hata chembe, kwa mtu ambaye ulimi wake umekwisha kufifia, ni njia ya uhakika ya kumfanya asile, na kama moja ya dawa zake za presha ni ya kukojoza, kukosa chumvi kabisa kunaweza kumshusha sodiamu, yaani madini ya chumvi katika damu, kiasi cha kuchanganyikiwa. Tia chumvi kidogo wakati wa kupika, ondoa chupa ya chumvi mezani, acha vile vidonge vya kukolezea mchuzi, na ladha itafutwe kwenye limau, tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Mkabidhi Mama mkubwa kazi hiyo ya viungo. Mtu aliyepewa jiko hupungukiwa na sababu za kulilaumu.

Kuna jambo kubwa zaidi la presha ambalo hakuna aliyelitaja. Dawa zilizopangwa kwa mwanamke wa kilo 58 aliyekula vizuri zinaweza kuwa kali kwa mwanamke wa kilo 51 asiyekula. Zahanati impime presha akiwa amelala, kisha dakika moja hadi tatu baada ya kusimama; namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au akisema anaona kizunguzungu, daktari ajue kabla hajaanguka tena. Dawa msizipunguze wenyewe.

Kaka yako anatumia fedha kwa upendo, na upendo huo uhamishwe tu. Utelezi wa makongoro ni jelatini, protini iliyopungukiwa na baadhi ya asidi amino (vipande vinavyoijenga protini) ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo peke yake haijengi msuli, na maji ya supu yana chumvi nyingi kuliko yanavyoonekana. Mfupa huungwa na protini kamili, kalsiamu na vitamini D, na hiyo ya mwisho mwili huitengeneza kwa jua la ua wenu. Fedha ya makongoro ya juma moja inunue trei ya mayai na maziwa. Akipenda supu, apate kikombe kidogo mara moja moja baada ya mlo, chenye nyama iliyosagwa ndani.

Kuhusu kopo la Muscat, mwambieni mdogo wenu kwamba unga huo si uongo. Ni chakula halisi, na kikombe chake kimoja kwa kawaida hubeba kitu kama gramu 8 hadi 10 za protini. Kwa mgonjwa asiyeweza kumeza kitu kingine ningeukubali bila mjadala. Lakini maziwa freshi yaliyokorogewa vijiko viwili vikubwa vya maziwa ya unga ya kawaida hufika gramu 12. Kama fedha ni moja, aitume kama fedha ya mayai, samaki na maziwa, na nyingine ya gari la kwenda kwa fundi wa meno. Kopo likiwa limekwisha kununuliwa, litumike saa nne na usiku, juu ya chakula na si badala yake.

Nimebaki na swali la mahali anapokulia chakula. Kama nyumba yenu ni kama nyingi za huko, mnakula kwenye mkeka, na mama, ambaye nyonga iliyopasuliwa haimruhusu kukaa chini wala kwenye kigoda, analetewa sahani chumbani peke yake. Hakuna anayekula vizuri akiwa kitandani akitazama ukuta. Tafuteni kiti kigumu chenye mikono na kimo cha kutosha ili magoti yasipande juu ya nyonga, wekeni meza, na wajukuu waje wale hapo hapo, hata kwa kusimama. Kutoka kitandani hadi mezani mara tatu kwa siku, kwa fremu ya kutembelea na mtu pembeni, ndilo zoezi lenyewe: protini bila kusimama haijengi msuli wa kutosha, na kusimama bila protini humchosha bure. Akifika kitini, kabla ya kula ainuke na kukaa mara tano. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona hospitalini ataongeza mengine. Baada ya kula asilale kwa nusu saa.

Funga za Jumatatu na Alhamisi ni za sunna, na hata Ramadhani yenyewe, Sura Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Lakini maneno hayo yakitoka kwa bintiye yatasikika kama ukaidi, kwa hiyo mwombeni sheikh wa msikiti wenu apite kumjulia hali na ayazungumze yeye. Daktari akisema uzito umerudi na figo ni salama, mtalitazama upya.

Mpime kila juma, kwa mizani ile ile, asubuhi, akiwa na khanga nyepesi, na uandike. Nusu kilo kwa juma ni mwendo mzuri. Msuli wenyewe utachukua miezi. Ikiwa juma mbili zimepita na mizani haijapanda, au akikohoa kila anapomeza, akikataa chakula chote kwa siku mbili, akipata homa, akianza kuchanganyikiwa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usingoje tarehe ya kliniki. Mguu wa namna hiyo ni wa kwenda siku hiyo hiyo, maana damu inaweza kuwa imeganda ndani.

Na tarehe ikifika, nenda na daftari la uzito na orodha ya alivyokula kwa siku tatu, pita dirisha la wazee, na umwombe daktari akuandikie kwa maandishi uonane na afisa lishe. Morogoro haina uhaba wa wataalamu hao, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapo hapo na kinafundisha shahada ya lishe. Akikwambia tena "mlo kamili", mfungulie daftari kwenye ukurasa wa kilo 51 na umuulize kamili kwa gramu ngapi.